Kabla ya kumlaumu mke, tujue kromosomu hutafutanaje



Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita niliitwa kukaa katika kikao cha suluhu baina ya mume na mke. Upande wa mke walikuja mjomba wake na shangazi yake, upande wa mume alikuja kaka yake mkubwa, kama Suratun-Nisaa inavyoelekeza kwamba kila upande utoe mwamuzi wake. Mimi niliitwa kwa sababu mbili: ni jirani yao, na nimefundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi. Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Mke alikuwa ameharibikiwa na mimba ya tatu mfululizo, zote kabla ya kutimiza miezi mitatu, na mume alitaka kutoa talaka.

Mume alikuwa na hoja moja aliyoiona haina jibu. "Maalim," akasema, "mimi nina watoto wawili kwa marehemu mke wangu wa kwanza, Alhamdulillah wazima kabisa. Sasa tatizo linaweza kuwa langu kweli?" Shangazi wa mke naye alikuwa na lake: binti yao amechezewa, na mtu mwenyewe wanamjua.

Nikawauliza kama wamepimwa kromosomu. Kimya. Mjomba akauliza apimwe nani. Nikajibu: wote wawili. Hapo mume akacheka, si kwa furaha. Nilitumia zaidi ya saa nzima kueleza, na kwa kuwa nimegundua kwamba watu wengi waliosoma, wenye simu za kisasa na shahada ukutani, hawalijui jambo hili, nimeonelea niliandike.

Katika kila seli ya mwili wa binadamu, ukiacha chache kama chembe nyekundu za damu zilizokomaa na zile za uzazi zenyewe, kuna kromosomu 46. Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu viliandika kuwa ni 48, mpaka mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan walipozihesabu upya huko Lund, Uswidi. Kati ya hizo, 23 zimetoka kwa mama na 23 kwa baba. Kila moja ya upande wa baba ina mwenzake wa upande wa mama: urefu ule ule, mpangilio ule ule wa jeni, tofauti ni herufi chache hapa na pale.

Siku za kawaida wenza hawa hawashughulikiani. Seli ya ngozi inapogawanyika, kila kromosomu hujinakili na nakala zake mbili huachana, moja huku na moja kule. Mwenza hana kazi. (Wapo viumbe ambao wenza hukaa pamoja hata katika seli za kawaida, kama jamii ya inzi, jambo ambalo Nettie Stevens aliliona kwa hadubini mwaka 1908. Sisi si miongoni mwao.) Lakini ukifika wakati wa kutengeneza mbegu ya mwanamume au yai la mwanamke, mambo hubadilika. Hapo zinatakiwa kromosomu 23 tu, na si 23 zozote, bali moja kutoka kila jozi. Ili jozi igawanywe sawasawa, ni lazima kwanza jozi yenyewe ikutane.

Chukua mfano wa kandambili mlangoni mwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa. Jozi 23, kandambili 46, zimepigwa mateke zikachanganyika. Sisi wenye macho tunahangaika, na wengine hurudi nyumbani na za watu. Sasa fikiria kandambili hizo zitafutane zenyewe, gizani, bila mwenyewe kuwepo, na kila moja iwe si kandambili bali uzi mrefu mno. Maana DNA yote ya seli moja ikinyooshwa hufikia kama mita mbili, na kabla ya kazi hii kuanza hunakiliwa, zikawa nne. Zote zimo ndani ya kiini ambacho upana wake ni karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Kromosomu ya kwanza, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote, ina herufi karibu milioni 249. Ya 21, ambayo ndiyo fupi, ina kama milioni 47.

Zinakutanaje?

Hatua mojawapo ni kutikiswa. Ncha za kila kromosomu hujibandika kwenye ukuta wa kiini, na mara nyingi husogea upande mmoja zikakusanyika, mfano wa shada la maua lililoshikwa kwenye vikonyo. Nje ya ukuta huo zipo protini zinazofanya kazi kama mota, na kuna viungo vinavyopenya ukutani kuziunganisha mota hizo na ncha zilizo ndani. Mota zikivuta, ncha zinaburuzwa ukutani na nyuzi zote zinafuata. Kuna fangasi mmoja wa jamii ya hamira ambaye kiini chake kizima huvutwa kwenda na kurudi mara nyingi kama kitambaa kinachosuuzwa. Kutikisa huko kunasaidia mambo mawili: kuwakutanisha waliokuwa mbali, na kuwaachanisha waliojinasa kimakosa. Aliyepotezana na mwenzake Mina akasimama pale pale bila kusogea anajua anavyoweza kukaa mpaka jua lizame.

Lakini kugusana si kutambuana. Hatua ya kutambuana ndiyo iliyonishangaza tangu nilipoisoma mara ya kwanza, na bado inanishangaza ninapoifundisha. Seli inajikata yenyewe. Tumezoea kusikia kwamba DNA ikikatika ni hatari, ni chanzo cha saratani, na ni kweli. Hata hivyo, katika kazi hii seli hutoa protini maalumu iitwayo Spo11, ambayo kazi yake ni kukata DNA makusudi. Kazi hiyo ya Spo11 ilijulikana mwaka 1997 kutokana na utafiti wa Scott Keeney na wenzake katika hamira. Kwa panya, ambaye amechunguzwa sana, mikato hufikia kama 200 hadi 300 katika seli moja.

Baada ya mkato, vimeng'enya hula upande mmoja wa uzi, kwani DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, na kubakisha mkia wa uzi mmoja. Mkia huo huvikwa protini mbili, Rad51 na Dmc1, kisha huanza kutafuta. Hugusa DNA nyingine na kuilinganisha na nafsi yake, herufi kwa herufi. Zikilingana kama herufi nane mfululizo, hung'ang'ania kidogo na kuendelea kulinganisha. Zisipoendelea kulingana, huachia na kwenda kwingine. Herufi nane si ushahidi wa kutosha: kwa kuwa herufi za DNA ni nne tu, neno lolote la herufi nane linaweza kutokea kwa nasibu katika makumi ya maelfu ya sehemu ndani ya kromosomu zetu. Ni sawa na kumtafuta mtu kwa kujua tu kwamba anaitwa Juma na amevaa kanzu. Kwa hiyo mkia huo huguswa na kuachia, huguswa na kuachia, mpaka upate mahali ambapo maneno yanaendelea kufanana mbele na nyuma. Hapo ndipo umempata mwenza, na mkato hutibiwa kwa kunakili kutoka kwake.

Yaani kidonda ndicho kinachotafuta. Seli isiyojikata, kwa binadamu na panya, haiunganishi jozi zake ipasavyo, na haizai. Si kila kiumbe hufuata njia hii. Kuna mnyoo mdogo wa ardhini, kipenzi cha watafiti, ambaye kromosomu zake zina sehemu maalumu za kutambuana hata pasipo mkato.

Wenza wakishatambuana katika sehemu kadhaa, hufungwa pamoja kwa ngazi ya protini, mfano wa zipu, kutoka ncha hadi ncha. Zipu hii iliripotiwa mwaka 1956, mwaka ule ule wa hesabu ya 46, na Montrose Moses aliyeiona katika kamba wa maji baridi. Na humo ndani sehemu chache kati ya zilizokatwa hubadilishana vipande: kipande cha kromosomu ya baba kikaenda kwa ya mama, na cha mama kikaja kwa ya baba. Harriet Creighton na Barbara McClintock walithibitisha mabadilishano haya kwa macho katika mahindi mwaka 1931. Kwa mwanamume hutokea takriban 50 katika seli moja, kwa mwanamke kama 70. Mabadilishano hayo ndiyo fundo linaloishika jozi pamoja zipu inapofunguka. Jozi isiyo na fundo hata moja haina kinachoizuia kutangatanga.

Kromosomu X na Y za mwanamume zimefanana ncha tu, sehemu ya herufi milioni mbili na ushee, na hutegemea ncha hiyo kukutana. Mbegu moja huondoka na X, nyingine na Y. Kwa hiyo wanaomwacha mke kwa kuwa anazaa wasichana watupu wanamshitaki asiye na kesi.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo. Kuna ndugu zetu ambao kila ugunduzi wa sayansi ukitangazwa hukimbilia aya na kusema sisi tulikwisha ambiwa. Kuhusu jozi watakutajia aya ya 36 ya Surat Yaasin, inayomtakasa Allah (s.w.) aliyeumba jozi zote, zikiwemo tusizozijua. Naiamini aya hiyo kama wanavyoiamini wao. Lakini haikuteremshwa ili tukae barazani tukisubiri kina Moses na kina Keeney wakeshe maabara, kisha sisi tuandike makala za kujisifu. Mtu anayeisoma aya hiyo na asitake kujua jozi hizo zinakutanaje, sijui ameisomaje.

Kwangu mimi liko tukio jingine linalogusa zaidi mada hii. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) habari ya bedui aliyemjia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi, na katika maneno yake kukiwa na dalili ya kumkana. Mtume (s.a.w.) hakumkemea. Alimuuliza kama ana ngamia, na rangi zao. Bedui akasema ni wekundu. Akamuuliza kama hakuna wa kijivu miongoni mwao. Akakiri wapo. Wametoka wapi? Bedui mwenyewe akajibu kwamba pengine ni asili ya zamani iliyowavuta. Basi akaambiwa kwamba na mwanawe pengine ni vivyo hivyo. Sisemi kwamba hadithi hii inafundisha kromosomu. Ninachokiona ni njia iliyotumika: mume amekuja na tuhuma dhidi ya mkewe, akarudishwa kwenye zizi lake mwenyewe akaangalie jinsi uzazi unavyofanya kazi.

Turudi kwenye jozi. Ukitaka kuona nini hutokea zinaposhindwa kukutana, mtazame baghala, yule anayezaliwa na punda dume na farasi jike, ambaye wengine humwita nyumbu ingawa si nyumbu wa Serengeti. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, naye ana 63, na nyingi hazina mwenza anayelingana naye sawasawa. Ana nguvu kuliko wazazi wake, lakini ni nadra mno kuzaa. Au tazama ndizi. Ndizi mwitu ina kromosomu 22, jozi 11, na mbegu ngumu za kuvunja meno. Ndizi za kupika za Bukoba zina 33, yaani tatu tatu. Watatu hawagawanyiki kwa wawili, mgawanyo wa jozi unavurugika, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa kwamba ndizi hizo hazina mbegu na mkulima hupanda machipukizi.

Kwa binadamu kosa halihitaji kuwa kubwa kiasi hicho. Inatosha jozi moja kutoachana vizuri, yai likabaki na mbili badala ya moja, na mtoto akawa na tatu. Takriban nusu ya mimba zinazoharibika katika miezi mitatu ya mwanzo zina hesabu ya kromosomu isiyo sawa. Tatu za namba 16 ni miongoni mwa makosa yanayoonekana sana katika mimba hizo, na mimba ya namna hiyo haifiki mwisho. Tatu za namba 21 huweza kufika, na huyo ndiye mtoto mwenye sindromu ya Down, ambayo chanzo chake kilitangazwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin huko Ufaransa. Mtoto huyo hakulaaniwa, na mama yake hakuvunja mwiko wowote.

Nijuavyo, atatokea mtu kuniambia kwamba makosa mengi ya aina hii hutoka kwenye yai, basi mwanamke ndiye. Ni kweli kwamba mengi hutoka kwenye yai. Kwa namba 21 ni kama tisa katika kila kumi. Lakini sikiliza sababu yake. Mwanamume hutengeneza mbegu mpya kila siku tangu balehe. Mayai ya mwanamke huanza kazi yake angali tumboni mwa mama yake. Kutafutana, kukata, kufunga zipu na kubadilishana vipande, yote hayo hutokea kabla hajazaliwa. Kisha mayai husimama katikati ya safari, jozi zikiwa zimeshikana, na kusubiri miaka 15, 30 au 45 hadi kila moja liitwe. Jozi iliyonitengeneza mimi upande wa mama ilikutana ndani ya tumbo la bibi yangu. Protini zinazoshikilia jozi hizo huchakaa kwa kungoja, na ndiyo maana uwezekano wa kupata mtoto mwenye sindromu ya Down ni kama mmoja katika 1,500 kwa mama wa miaka 20, na kama mmoja katika 100 akifika 40. Hakuna alichokula, alichobeba wala alikopita kilichosababisha hilo. Sisemi majini na husuda havipo. Qur'an imevitaja vyote viwili, na kisomo ni ibada. Ninachosema ni kwamba anayemtuhumu jirani kwa jina, bila ushahidi, ana dhambi ya dhana mbaya hata akiwa ameshika tasbihi.

Sasa hoja ya yule mume, kwamba ana watoto wawili wazima.

Karibu mtu mmoja katika kila 500 amezaliwa na kromosomu mbili zisizo wenza zilizobadilishana vipande. Kipande cha hii kimehamia kwenye ile, na cha ile kimekuja huku. Hakuna kilichopungua wala kuzidi, hivyo mtu mwenyewe ni mzima, anafanya kazi, anaoa, na anaweza kufa mzee bila kujua. Shida huonekana pale tu kromosomu zinapotafutana. Kila kipande kinamtafuta mwenza wake, na kwa kuwa vipande vimehama, badala ya jozi mbili zinakumbatiana kromosomu nne kwa pamoja, mfano wa alama ya kujumlisha. Kisha nne hizo zinatakiwa kuachana. Zikiachana kwa njia moja, mbegu inapata kromosomu za kawaida kabisa. Kwa njia nyingine inapata zile zilizobadilishana, zikiwa kamili, kama za baba yake. Kwa njia zilizobaki inapata ziada ya kipande kimoja na upungufu wa kingine, na mimba ya mbegu hiyo mara nyingi haidumu.

Kwa hiyo mwanamume wa namna hii anaweza kupata watoto wawili wazima, kisha mimba tatu zikaharibika mfululizo, akiwa ni yule yule. Watoto wake wawili hawathibitishi chochote. Na mwanamke anaweza kuwa na hali hiyo hiyo. Katika ndoa zinazosumbuliwa na mimba kuharibika mara kwa mara, kama tatu hadi tano katika kila 100 hukutwa mmoja wa wanandoa anayo. Ni chache, ndiyo, na zipo sababu nyingine zinazopaswa kuchunguzwa: umbo la mfuko wa uzazi, matatizo ya damu kuganda, tezi, kisukari. Na wapo ambao hawakutwi na sababu yoyote, na wengi wao hupata mtoto baadaye. Lakini huwezi kujua uko kundi gani kwa kumpima mmoja na kumwachia mwingine acheke.

Nilipomaliza, kaka wa mume, ambaye hakuwa amesema neno tangu tukae, aliuliza kipimo chenyewe kinafanywaje. Nikamweleza kwamba huchukuliwa damu kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Chembe nyeupe hukuzwa maabara siku chache, husimamishwa zikiwa katikati ya kugawanyika, hutandazwa kwenye kioo na kupigwa picha. Kisha mtaalamu huketi kwenye kompyuta na kuzipanga kromosomu hizo jozi kwa jozi, moja na mwenzake, kwa kutazama urefu na mistari yake. Si kila hospitali inacho kipimo hiki na si bei rahisi, hilo nililisema pia.

Mume akauliza kama kinaumiza. Mjomba akamwambia mkewe amechomwa sindano kuliko hizo mara ngapi katika mimba tatu, naye hakuuliza.

Talaka haikutolewa siku ile. Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili. Majibu ni amana ya wenyewe, nami sina ruhusa ya kuyaweka gazetini.